Moshi wa Ajuza

Katika mji ule, karibu kila mtu aliyejua kuendesha gari alikuwa amewahi kukanyagiwa breki na Mwalimu Polepole. Karani wa posta, muuza dawa, dereva wa lori la mchanga, hata hakimu mwenye miwani minene, wote walipita mikononi mwake. Wote walishika usukani wa gari lile lile la rangi ya maziwa, huku yeye amekaa pembeni, mguu juu ya breki ya pili aliyochomelewa na fundi wa mageti, akirudia neno lililompa jina. Polepole. Alilisema hata gari likiwa limesimama.

Gari lenyewe liliitwa Ajuza. Jina lilitoka kwa wanafunzi, maana wengi wao walikuwa hawajazaliwa lilipotoka kiwandani, na likamkaa kama la mtu. Zamani Ajuza alikuwa gari la ofisi ya wapima ardhi, na Mwalimu ndiye aliyekuwa dereva wake. Ofisi ilipopata magari mapya, Ajuza aliegeshwa nyuma ya ghala mpaka kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Mwalimu hakuvumilia kuona vile. Akaomba auziwe, akauziwa, akaacha kazi, akarudi nyumbani akipiga honi. Mke wake akatoka mlangoni, akalitazama gari, akamtazama mume wake.

"Sasa huyu atalala wapi?"

"Uani."

"Na nguo zangu nitaanika wapi?"

Tangu siku ile Ajuza alilala uani, chini ya kamba ya nguo, na mara nyingi wanafunzi walifuatwa na gari lenye soksi moja juu ya paa.

Shule ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nyuzi na vitambaa. Palikuwa na benchi, na ubao uliochorwa makutano ya barabara kwa rangi ya mafuta ili yasifutike, na juu ya meza viberiti vitupu ambavyo ndivyo vilivyokuwa magari. Kiberiti chenye doa jekundu kilikuwa gari la wagonjwa, na ole wako usikipishe. Baada ya viberiti mwanafunzi alikwenda uwanjani, nyuma ya ghala la nafaka, akazunguka mapipa kwa gia ya kwanza. Akazunguka tena. "Gia ya kwanza ni chekechea," Mwalimu alisema, "na hakuna anayeruka chekechea." Aliyefika gia ya pili alikwenda kuwatangazia nyumbani.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na aliridhika, mpaka Ajuza alipoanza kukohoa.

Mwanzo ilikuwa kama kwikwi tu. Gari linakwenda, linashtuka, linaendelea. Kisha ukaja moshi mweusi. Kisha likawa linatetemeka hata likisimama, mpaka ule mto mdogo wa kukalia wanafunzi wafupi ukawa unateleza wenyewe na kuanguka. Mwalimu alikuwa amefundisha habari za injini kwa miaka mingi, ubaoni, kwa chaki. Alijua kuwa ringi zinazobana pistoni zikichakaa, oili hupanda mahali isipotakiwa, gari likatoa moshi na kuishiwa nguvu. Alijua pia kuwa ringi za injini ya kale kama ile hazikuwa zikipatikana tena popote. Akayaweka mawili hayo pamoja, akaamua moyoni kuwa Ajuza anakufa, na akanyamaza.

Fundi wa kumwonyesha alikuwepo. Shemeji yake, mdogo wa mke wake, alikuwa na gereji ng'ambo ya daraja, na katika mji mzima hapakuwa na mikono mingine ambayo Mwalimu angeiamini iguse injini ile. Kwa sababu hiyo hiyo akawa anamkwepa. Wakikutana kwenye shughuli za ukoo, shemeji akiuliza, "Ajuza hajambo?" yeye alijibu, "Hajambo kabisa," akahamia kwenye kundi jingine. Uani alianza kuegesha gari kinyumenyume ili bomba la moshi lielekee ukutani. Ukuta wa jirani ukapata doa jeusi la mviringo, kubwa kama sinia.

Kilichomnyima raha hasa ni simu za binti yake. Binti aliolewa mji mwingine, na alikuwa amewapakia rangi chumba baba na mama yake. Kila alipopiga alisema, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Njooni mpumzike." Na kila mara baba mtu alijibu kwamba ana wanafunzi, atakuja kutembea tu. Ajuza akifa, jibu hilo litakuwa limekufa naye. Mwalimu alijiona amekaa kwenye kochi la mkwewe, anaitazama televisheni, gari linapita kwenye filamu, na yeye anaiambia televisheni polepole.

Kabla kikohozi hakijaanza, alikuwa amempokea mwanafunzi aliyempa kazi kuliko wote. Alikuwa mkunga, mwanamke mwenye mwili na sauti ya utulivu, aliyewapokea nusu ya watoto wa mji. Zahanati yake ilikuwa imepewa gari dogo lisilo na dereva, kwa hiyo ikambidi ajifunze. Damu haikumtisha, mayowe hayakumtisha, lakini klachi ilimtoa jasho. Akiinua mguu tu, Ajuza anaruka kama mbuzi na kuzima. Akiwasha, anaruka na kuzima. Siku moja, baada ya kuzima mara nyingi mfululizo, Mkunga aliweka paji la uso kwenye usukani akalia kwa kwikwi, mabega yote yakitikisika.

Mwalimu aliweza kuvumilia mengi, ila si mtu mzima kulia ndani ya gari lake. Akatazama nje ya dirisha mpaka yakaisha.

Somo lililofuata, Ajuza hakuzima hata mara moja. Wala lililofuata hilo.

"Vizuri sana, Mkunga," Mwalimu alisema. "Mguu umetulia."

Mkunga akaenda kuisimulia wodi nzima.

Basi ikafika alasiri moja walipokuwa wakipanda mlima wa ofisi ya maji. Mkunga alikuwa kwenye usukani. Katikati ya mlima Ajuza akaanza kuchechemea, akapunguza mwendo bila kuambiwa, akatoa mlio kama wa bunduki kwenye bomba la moshi, akasimama. Nyuma yao lori likapiga honi, na jingine nyuma yake likaitikia.

"Mwalimu," alisema Mkunga, "hii nayo ni mimi?"

"Si wewe."

"Ni nani basi?"

"Ni uzee."

Mkunga akageuka kutazama nyuma. Lori lilikuwa halionekani kwa moshi. Ilikuwa ikisikika honi tu.

"Umemwonyesha fundi?"

Mwalimu akajifanya anatafuta kitu kwenye droo ya gari.

"Mwalimu, nakuuliza wewe."

"Bado."

"Na ameanza lini kutoa moshi hivi?"

"Si muda."

"Hiyo 'si muda' mimi naijua," alisema Mkunga. "Wenye 'si muda' wananifikia mlangoni mtoto ameshatoa kichwa. Shuka, tubadilishane viti. Fundi yuko wapi?"

Alikuwa chini kule, ng'ambo ya daraja. Mwalimu akashika usukani, akasubiri malori yapite, akageuza gari kwa kulisukuma yeye na Mkunga na wapita njia wawili, wakateremka injini ikiwa imezimwa, kimya kabisa, kama watu wanaokwenda kumzika mtu. Walivuka daraja kwa nguvu ya ule mteremko na kuishia mbele ya geti la gereji.

Shemeji yake alikuwa chini ya gari la mtu. Ilionekana miguu kwanza, kisha ovaroli, kisha kilemba chenye madoa ya grisi. Akasimama akijifuta mikono.

"Kumbe shemeji njia ya huku bado unaikumbuka."

"Nilibanwa na kazi."

"Najua. Dada aliniambia. Kazi ya kupaka rangi ukuta wa jirani."

Mkunga akageuza uso ili asicheke. Mwalimu hakuwa na hali ya utani.

"Shemeji, ni ringi," alisema. "Nimeshajua. Wewe sema tu, nisikie mara moja, yaishe."

"Umekuja na majibu? Si ungenipigia simu tu. Fungua boneti."

Akamwambia awashe. Ajuza akakubali kuwaka, kwa shida, akatetemeka mahali pale huku shemeji amesimama mkono kiunoni, kichwa ameinamisha upande. Injini ilinguruma mapigo matatu na kuruka la nne.

"Miguu minne, mmoja unachechemea," alisema. "Tuone ni upi."

Akachukua koleo lenye mishiko ya mpira, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikalegea papo hapo, ikawa karibu kuzima. Akaurudisha. Akachomoa wa pili, ikalegea vile vile. Akachomoa wa tatu, na hapakuwa na tofauti yoyote. Akaurudisha, akauchomoa tena, injini wala haikujua. Wa nne ulipotoka, ikalegea.

"Huyu wa tatu," alisema akizima gari, "anakuja kazini, anakula chakula cha mchana, lakini kazi hafanyi. Kama yule kaka yetu."

Walisubiri injini ipoe. Shemeji alimpa Mkunga kiti, kwa kuwa ni mgeni, na Mwalimu hakupewa kitu, kwa kuwa ni wa nyumbani. Kisha akaingiza spana ya plagi, akaizungusha, akaitoa plagi ya tatu kwa ncha za vidole. Ilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Pale mbele, kwenye nafasi nyembamba ambapo cheche hurukia, palikuwa pamezibwa kabisa.

"Mwalimu amefumba macho," alisema Mkunga.

"Sijafumba. Jua linaniumiza."

"Ndani ya banda? Hata akina baba kule wodini husema hivyo hivyo."

Shemeji aliigeuza plagi kwenye mwanga. "Sikiliza, shemeji. Weusi upo wa namna mbili. Ule wa oili ni mbichi, unang'aa, ukiugusa unanata. Ningeuona huo, ningekukalisha chini tukazungumza kiutu uzima. Mwingine ni wa masizi." Akaisugua plagi kwenye kiganja chake, akapuliza. Vumbi jeusi likaruka kama unga. "Mkavu. Haya ni masizi."

"Labda ni oili iliyokauka," alisema Mwalimu.

"Wewe unataka afe?"

"Sitaki nifurahi bure."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na shemeji yake akaacha utani. Alimfahamu tangu alipokuja kumposa dada yake, na hakuwahi kumsikia akiongea vile.

"Haya. Tufanye kitu ambacho hata wewe huwezi kukibishia. Plagi hii mbovu naihamishia silinda ya kwanza. Ile ya kwanza, nzuri, naileta ya tatu. Kama ugonjwa ni wa silinda, kama ni hizo ringi zako, basi wa tatu ataendelea kulala hata nikimpa plagi nzuri. Lakini kama ugonjwa ni wa plagi, utahama nayo. Sawa?"

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Alielewa vizuri mno. Wiki zote zile alikuwa na mahali pa kujificha, na sasa shemeji yake alikuwa akipafunga kwa spana. Plagi zilipokwisha kukazwa aliambiwa awashe, akasema mkono umekufa ganzi. Mkunga akainuka, akaingia kwenye gari, akawasha yeye.

Injini ikanguruma, mapigo matatu, la nne likaruka. Kama mwanzo. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Ngoja kwanza," alisema shemeji, na kuchomoa waya wa tatu.

Ajuza akalegea, akawa karibu kuzima.

Akaurudisha, na koleo likaenda kwenye wa kwanza. Akauchomoa. Hapakuwa na tofauti yoyote.

"Umehama."

"Rudia," alisema Mwalimu.

Akarudia. Wa tatu, ikalegea. Wa kwanza, kimya.

"Rudia tena."

"Shemeji, hii ni injini, si kanda ya muziki. Umehama. Ringi zako nzima, pistoni nzima. Ni plagi imekula masizi."

Palikuwa na tairi bovu karibu na mlango. Mwalimu akalikalia, akavua kofia, akatoa pumzi ndefu ambayo huenda alikuwa ameibana tangu mvua zilipoanza. Kisha akacheka peke yake, bila sauti, na kujipangusa macho kwa kofia. Mkunga alizima gari, na kwa adabu akajishughulisha kutazama mikanda ya feni iliyotundikwa ukutani.

Ila shemeji hakuwa amemaliza. Alikuwa amezitoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya gunia, na zile tatu nazo zilikuwa na masizi, ingawa hazijaziba.

"Masizi hayaji yenyewe," alisema. "Huyu analishwa petroli nyingi kuliko hewa." Akafungua chujio cha hewa, akakikung'uta, akakirudisha. "Hiki kinapumua. Asubuhi unavuta choki kumwongezea petroli?"

"Kidogo. Akiwa baridi."

"Akishapata moto unairudisha?"

Mwalimu akatazama bati la paa.

"Shemeji."

"Huwa nairudisha."

Shemeji akaingia kwenye gari, akainama chini ya usukani. Akapapasa huku na huku. Alipotoka alikuwa ameshika kibanio cha nguo, cha mti, ambacho mtu alikuwa amekipunguza kwa kisu upande mmoja.

"Na hiki kinaanika nini humu ndani?"

Hapo mambo yote yakawa hadharani. Choki ya Ajuza ilikuwa imelegea kwa uzee. Ukiivuta, inarudi yenyewe. Ukiibana kibanio shingoni, inakaa palepale ulipoiacha. Na choki ikiwa nje kidogo, injini hunguruma kwa nguvu zaidi, haizimi ovyo, hata kama anayeiachia klachi ameiachia vibaya. Mwalimu alieleza haya yote akiwa amelitazama lile tairi. Alieleza kwamba tangu siku ile mwanafunzi mmoja alipolia, kila somo lake lilikwenda na kibanio, saa nzima kuzunguka mapipa kwa gia ya kwanza, na kwamba alipoona wengine nao wanafurahi, akakiacha hapo hapo moja kwa moja.

"Kwa hiyo unampa petroli ya baridi akiwa na moto wake," alisema shemeji, "halafu humkimbizi hata siku moja aichome. Na unashangaa anakohoa."

Mkunga alikuwa bado anatazama mikanda ya feni.

"'Vizuri sana, Mkunga,'" alisema taratibu. "'Mguu umetulia.'"

"Ilikuwa choki," alisema Mwalimu.

"Na mimi nimewatangazia wodi nzima."

"Nisamehe. Ulilia sana siku ile."

Mkunga akamgeukia. "Mwalimu, mimi kila mtoto akizaliwa nalia. Waulize. Nalia huku nafunga kitovu, nalia huku namwogesha, kazi inaendelea. Aliyekwambia nikilia niachwe ni nani?"

Mwalimu akavaa kofia yake. Shemeji akarudi kwenye plagi zake. Alizisugua kwa brashi ya waya, akaziosha kwa petroli, akapitisha kipande cha msasa kwenye ncha, akapima nafasi ya cheche kwa bapa jembamba, na kuzikaza moja moja. Kibanio akampa Mwalimu mkononi.

"Sasa akakimbizwe, masizi yaliyobaki yatoke. Si kwenye mapipa yenu. Barabara ya mlimani, gia ya tatu, gia ya nne."

"Ya nne?" alisema Mwalimu, kama aliyeambiwa apande paa.

"Ya nne. Na aendeshe mgonjwa mwenzake."

Mkunga alikwisha kaa kwenye usukani. Choki ilikuwa ndani mpaka mwisho. Akawasha, akaweka gia, akainua mguu, Ajuza akaruka kama mbuzi akazima getini. Mkono wa Mwalimu ukaenda wenyewe kuelekea choki. Akaukalia.

"Washa tena," alisema.

Ikazima tena. Machozi yalikuwa yameshafika. Mkunga akayafuta kwa bega, akawasha. Safari hii aliinua mguu akaushikilia mahali fulani katikati, na injini ikainama kidogo, ikafikiri, kisha ikakubali. Wakatoka getini. Shemeji akapiga makofi mawili na kurudi chini ya gari la mtu.

Walivuka daraja. Walipofika chini ya mlima, Mwalimu alikuwa na lile neno lake ulimini tayari. Akalimeza. Badala yake akasema neno ambalo hakuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote.

"Kanyaga."

"Unasema?"

"Kanyaga mafuta, Mkunga."

Mkunga akakanyaga. Ajuza akatoa wingu moja jeusi, zito, na Mwalimu akaligeukia kwenye kioo. Likafuata jingine, jembamba. Gia ya tatu. Moshi ukawa wa kijivu, kisha uzi tu, kisha kwenye kioo ikaonekana barabara, na miti, na mtu aliyepanda baiskeli akiwapungia mkono. Ofisi ya maji ikapita dirishani bila kwikwi hata moja. Kule juu, palipo sawa, wakaingia gia ya nne, na mguu wa Mwalimu ulikuwa juu ya breki yake ya pili lakini haukukanyaga.

Waliposimama kileleni hakutaka gari lizimwe. Akashuka, akatoa mfukoni kile kiberiti cha shuleni chenye doa jekundu, akakisimamisha wima juu ya boneti aone kama injini bado inatetemeka. Kikatetemeka kidogo, kikasimama. Akakaa anakitazama muda mrefu.

"Mwalimu, tushuke," Mkunga alisema kupitia dirishani. "Nina zamu."

Jioni mke wake alikuwa uani akianua nguo. Mwalimu akaegesha Ajuza vizuri, bomba la moshi likitazama nje, akampa kile kibanio. Mke akakigeuza, akaona kilivyochongwa.

"Kumbe ni wewe unayeniibia vibanio. Na vile vingine?"

"Vilivunjika."

"Na Ajuza?"

"Mzima. Ilikuwa masizi tu."

Mke wake akamtazama usoni, akaona alichokuwa hajakiona kwa wiki nyingi. Akakirudisha kibanio kambani. Simu ilipolia na binti kuanza maneno yake ya chumba na rangi, baba mtu alimkatiza kwa furaha, akasema watakuja kutembea mwisho wa mwezi, na watakuja na gari lao wenyewe.

"Na Ajuza? Baba, atafika kweli?"

"Kwa gia ya nne, mwanangu."

Kesho yake asubuhi shati lake jeupe la kazini lilikuwa na alama mbili nyeusi begani, pale lilipobanwa kambani kwa kile kibanio. Alilivaa hivyo hivyo.